Mguu wa Roboti Hujuaje Unataka Kupiga Hatua? Tukuchanue Kuhusu Sensa Zinazoishi Ndani ya Misuli

Jaribu hii kitu saa hii, uwe kwa mathree ama umelala tu kejani. Shika mkono wako wa kushoto hapo katikati ya kiwiko na kifundo, ubane kiasi. Sasa chezesha vidole vya huo mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kama msee anapiga kinanda kanisani. Umeskia? Kuna kitu inatambaa chini ya ngozi, na iko mbali kabisa na vidole.

Misuli mikubwa inayovuta vidole vyako haiko kwa vidole. Iko huko juu, na inavuta kwa kamba ndefu zinazoitwa kano, venye breki ya baiskeli huvutwa na waya kutoka kwa usukani. Kwa hivyo msee akipoteza kiganja kwa mashine ya jobo ama kwa ajali, mara nyingi usukani na waya wa juu bado ziko. Ubongo bado unatuma "kunja kidole." Neva bado inabeba huo ujumbe. Msuli bado unaitikia. Kitu imehepa ni kidole chenyewe.

Sasa swali ambalo limewakunisha wanasayansi kichwa kwa miaka mingi ni hili: roboti inaweza kuskiza huo ujumbe na kuufanyia kazi?

Jibu fupi ni ndio. Jibu refu ndio limetuleta hapa, na usihepe kabla ya mwisho, juu kuna mahali hii stori inagusa mtu wako wa nyumbani.

Mwili wako una stima yake

Amri yoyote inayotoka kwa ubongo husafiri kama umeme mdogo. Ukiamua kusimama, neva hupeleka cheche hadi kwa msuli, msuli wenyewe nao unatoa cheche zake ukijikaza. Hii si habari mpya. Mwitaliano mmoja anaitwa Luigi Galvani alichapisha kitabu kuhusu hii mambo 1791, baada ya kuona miguu ya chura aliyekufa ikiruka ikiguswa na umeme. Chura amekufa, mguu unapiga teke. Fikiria huo mshtuko kwa maabara.

Leo huo umeme wa msuli unapimwa kwa elektrodi, vipande vidogo vya chuma vinavyowekwa juu ya ngozi. Shida ni kwamba ni umeme mdogo sana. Betri ya rimoti yako ina volti 1.5. Signali ya msuli ikifika juu ya ngozi huwa ni milivolti chache tu, na mara nyingi haifiki hata 1. Tunaongea kitu ndogo mara mamia, ama hata maelfu, kuliko ile betri unayogongagonga ndio TV ibadilishe stesheni.

Hata hivyo inatosha. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na mkono bandia unaosoma misuli tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Na mikono mingi ya umeme inayouzwa hadi leo inafuata fom ileile: elektrodi 2 kwa kigutu, moja kwa msuli wa kukunja, nyingine kwa msuli wa kukunjua. Kaza wa kwanza, mkono unafunga. Kaza wa pili, unafungua.

Na ukitaka kuzungusha kifundo? Hapo unakaza misuli yote miwili kwa pamoja ndio mashine ibadilishe modi, halafu unaanza upya. Ni kama rimoti ya batani 2 unayotaka ikuendeshee maisha yote. Kushika kikombe cha chai ni hesabu. Kumwaga hiyo chai kwa kikombe kingine ni hesabu juu ya hesabu.

Kwa nini sensa za juu ya ngozi hukuangusha

Umewahi kuishi ploti ya mabati? Basi unajua venye kuskiza stori ya jirani kupitia ukuta huwa. Unaskia sauti, unajua kuna ngori, lakini huwezi jua nani amesema nini, juu keja ya tatu nayo imeweka redio na ya nne mtoto analia.

Elektrodi ya juu ya ngozi iko kwa hiyo hali kila siku. Kati yake na msuli kuna ngozi na mafuta. Misuli iko mingi na imebanana, kwa hivyo signali ya mmoja inaingilia ya mwingine. Misuli ya ndani kabisa haiskiki. Kisha jua likiwaka unatoa jasho, na jasho linabadilisha venye umeme unapita. Kile kikombe kigumu kinachovalishwa kigutu, yaani soketi, kikisonga kidogo tu, elektrodi inajipata juu ya msuli mwingine. Asubuhi mkono ulikuwa unakuskiza, saa saba mchana umekuwa na kichwa ngumu.

Hii ndio sababu moja kuna watu hupewa mkono wa bei ya gari kisha wanauacha kwa kabati. Si ati ni wavivu. Ukiangusha glasi mara tatu mbele ya watu, hutaki ya nne.

Kwa hivyo wanasayansi wakasema, kama ukuta ndio shida, wacha tuingie ndani ya nyumba.

Sensa ndogo ndani ya nyama

Kule California kulikuwa na shirika linaitwa Alfred Mann Foundation. Wao walitengeneza sensa umbo la mtungi mdogo, urefu milimita 16 na upana milimita 2.5. Pima kwa rula uone. Ni ndogo kuliko ncha ya kidole chako kidogo, na inaingizwa moja kwa moja ndani ya msuli.

Swali la kwanza la kila mtu ni: inachajiwa aje? Jibu ni kwamba haina betri. Kwa soketi ya mkono bandia kuna koili ya waya, na hiyo koili inatuma nguvu kwa njia ya sumaku kupitia ngozi, ile fom ya simu kuchajiwa bila waya. Sensa inapata nguvu, inasoma msuli wake, inarudisha ripoti kwa njia hiyohiyo ya hewani. Ukivua mkono, sensa zinalala. Ukivaa, zinaamka. Ngozi imefunga, hakuna waya unatokeza.

Ripoti ya majaribio ya kwanza kwa binadamu ilitoka 2015, watu 2 waliopoteza mkono chini ya kiwiko. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kila sensa inaskiza msuli wake, kwa hivyo mtu angeweza kufanya miondoko zaidi ya mmoja kwa wakati, kuzungusha na kufunga pamoja, venye wewe hufanya bila hata kufikiria ukifungua mlango.

Mwaka huohuo wa 2015, kampuni ya Össur ya Iceland ilitangaza kwamba sensa za aina hiyo zimewekwa kwa wagonjwa 2 waliopoteza miguu, na walikuwa wameishi nazo zaidi ya mwaka mmoja. Mguu ni kazi tofauti na mkono. Mkono ukikosea, unamwaga chai. Mguu ukikosea kwa ngazi, unaanguka wewe mzima.

Waswidi nao wakapitia kwa mfupa

Kuna daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, ambaye miaka ya 1950 aliweka vifaa vya titaniamu ndani ya mfupa wa sungura kwa utafiti mwingine kabisa. Alipotaka kuvitoa, vilikataa. Mfupa ulikuwa umekumbatia chuma na kuota nacho pamoja. Kutoka hapo tukapata meno ya kupandikiza. Kijana wake, Rickard, akapeleka hiyo akili kwa miguu na mikono: badala ya kuvaa soketi inayobana na kuchubua ngozi, unawekewa msumari wa titaniamu ndani ya mfupa uliobaki, na kiungo bandia kinafungwa hapo kama nati.

Januari 2013 huko Gothenburg, timu iliyokuwa na Rickard Brånemark na mhandisi Max Ortiz Catalan ilienda hatua moja mbele. Mgonjwa alikuwa dereva wa lori aliyepoteza mkono juu ya kiwiko miaka zaidi ya 10 nyuma. Wakamwekea elektrodi juu ya misuli na kuzunguka neva, halafu waya zake zikapitishwa ndani ya ule msumari hadi nje kwa mkono. Hakuna jasho, hakuna kusonga, hakuna jirani na redio. Jamaa akarudi kwa wera yake, mizigo na lori.

2020 hiyo timu ikaripoti kuhusu wagonjwa 3 waliokuwa wakitumia hiyo mikono kila siku kwa miaka kadhaa, nyumbani na kazini, si maabara pekee. Na kuna utamu mwingine: waya zinaenda njia mbili. Sensa za vidole vya roboti zikigusa kitu, umeme mdogo unarudishwa kwa neva, na mtu anahisi ni kama kidole ambacho hakipo kimeguswa. Unajua umeshika yai bila kuliangalia.

Kelele ya konda na sumaku za MIT

Hapa ndio stori inakuwa tamu kabisa, kwa hivyo nipe dakika.

Umeme wa msuli unakuambia amri ambayo imetumwa. Haukuambii msuli umefanya nini. Fikiria konda anapiga kelele, "Songa nyuma, songeni kuna nafasi!" Hiyo kelele ni signali. Lakini wasee wamesonga ama wamemwangalia tu? Kama ungetaka kujua ukweli, hungepima sauti ya konda. Ungeangalia abiria wamesonga hatua ngapi.

Hiyo ndio walifanya kule MIT, Marekani, kwa maabara ya Hugh Herr. Wakachukua vishanga 2 vya sumaku, kila kimoja milimita 3, wakaviingiza ndani ya msuli mmoja, umbali kidogo kati yao. Msuli ukijikunja, vishanga vinakaribiana. Ukijinyoosha, vinaachana. Nje ya ngozi kuna sensa za sumaku zinazosoma huo umbali. Basi. Hakuna waya ndani, hakuna betri ndani, na jasho halina kitu litafanya, juu sumaku haijali maji.

Ripoti yao ya 2021 ilionyesha wanaweza kupima mabadiliko ya urefu wa msuli kwa usahihi wa takriban mikroni 37, kitu nyembamba kuliko unywele, na jibu linapatikana ndani ya milisekunde 3. Kupepesa jicho ni polepole mara nyingi kuliko hiyo.

Na walijaribu kwa nani? Bata mzinga. Si utani. Bata mzinga ana msuli wa shavu la mguu unaofaa kwa utafiti wa kutembea, na huyo ndege anakubali kutembea kwa mashine ya mazoezi. 2022 wakaonyesha inafanya kazi hata bata akitembea, akipanda na akiruka, bila kufungiwa mahali pamoja.

Ukijua urefu wa msuli na kasi yake, unaweza kuambia goti la roboti lifike wapi hasa, si tu "fungua" na "funga." Hiyo ni tofauti ya kupiga honi na kushika usukani.

Huyu Hugh Herr ni nani kwani?

Januari 1982, Herr akiwa na miaka 17, yeye na rafiki yake walipanda Mlima Washington huko New Hampshire, wakashikwa na dhoruba ya theluji. Walipotea siku kadhaa kwa baridi kali. Mwokoaji mmoja alikufa kwa maporomoko ya theluji akiwatafuta. Herr aliokolewa, lakini miguu yote miwili ikakatwa chini ya goti.

Kabla ya hapo shule haikuwa kitu yake, alikuwa mtu wa kupanda miamba tu. Baada ya hapo akaanza kujitengenezea miguu yake mwenyewe. Nyayo ndogo za kuingia kwa nyufa za mwamba, urefu wa kubadilisha anavyotaka. Akarudi kupanda. Halafu akarudi kwa vitabu, hadi MIT na Harvard. Leo yeye ni profesa, anatembea kwa miguu ya roboti ambayo maabara yake imeibuni. Sisi wenye tulitoka chuo mapema, hiyo ni ya kuweka akilini.

Kisu cha daktari kinaamua mambo kuliko roboti

Hii sehemu isome polepole.

Misuli yako hufanya kazi kwa jozi. Ukikunja mkono, msuli wa mbele unajikaza na wa nyuma unanyooka. Huo wa nyuma ukinyooka, neva zake zinaambia ubongo, "mkono umefika hapa." Ndio maana unaweza kufunga macho na ukaguse pua yako bila kujidunga jicho. Ubongo unajua viungo viko wapi kwa sababu misuli inavutana na kuripoti.

Upasuaji wa kawaida wa kukata mguu unavunja huo undugu. Msuli unakatwa, unafungwa, haunyooki tena vizuri. Ubongo unauliza, "mguu uko wapi?" na haupati jibu la maana. Wengi wanabaki na maumivu kwa mguu ambao haupo tena. Wanalala usiku wakihisi kidole kimejikunja na hawawezi kukikunjua. Si mapepo, na si kwamba mtu anajifanya. Ni laini imekatika na kila upande unapiga simu.

2016 huko Boston, timu ya Herr pamoja na daktari wa upasuaji Matthew Carty walifanya upasuaji wa aina mpya. Badala ya kuacha misuli ikining'inia, waliunganisha jozi zake tena ndani ya kigutu, ndio mmoja akijikaza mwenzake anyooke. Ubongo ukarudishiwa ile ripoti. Wagonjwa wakaanza kusema wanahisi mguu ambao hauko, na wanajua umekaa aje.

2024 matokeo makubwa yakatoka. Watu 14 waliokatwa mguu chini ya goti: 7 wamefanyiwa upasuaji mpya, 7 wa kawaida. Wote wakavalishwa aina moja ya kifundo cha roboti. Wale 7 wa upasuaji mpya waliongeza kasi yao ya juu ya kutembea kwa asilimia 41, wakafikia kasi ya watu wenye miguu yao yote. Walipanda ngazi na kuruka vizuizi vizuri zaidi. Na hapo sensa zilikuwa bado za juu ya ngozi! Na neva za kuripoti zilizorudi hazikufika hata asilimia 20 ya zile za mtu wa kawaida. Ubongo ulipewa kidogo, ukajipanga.

Umecheki maana yake? Roboti ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa venye nyama ilishonwa.

Daktari Todd Kuiken wa Chicago alikuwa ameonyesha kitu ya ukoo huo tangu 2002. Yeye alichukua neva za mkono uliopotea, akazihamisha hadi kwa misuli ya kifua. Mgonjwa akifikiria "funga mkono," kifua kinatikisika mahali fulani, sensa inasoma, mkono wa roboti unafunga. Na Julai 2025 timu ya MIT ikaripoti kuunganisha yote: misuli iliyoshonwa kwa jozi, msumari wa titaniamu kwa mfupa, na waya ndani, kwa watu 2 waliokatwa mguu juu ya goti. Wawili tu kwa sasa, lakini barabara imechorwa.

Na wale miguu iko lakini haitii?

Kuna wenye hawajakatwa kitu, ila uti wa mgongo uliumia ama kiharusi kilipita. Hao wanatengenezewa eksoskeletoni, mifupa ya nje ya chuma yenye mota kwa nyonga na magoti.

ReWalk ilibuniwa na Amit Goffer wa Israel, mhandisi aliyepooza baada ya ajali 1997. Marekani iliruhusu watu waitumie nyumbani Juni 2014. Uchungu wa hiyo stori ni kwamba inahitaji magongo na mikono yenye nguvu, na mikono ya Goffer pia ilikuwa imeumia, kwa hivyo yeye mwenyewe hangeweza kuitumia. 2012 dada mmoja aliyepooza alimaliza marathoni ya London akiivaa. Ilimchukua zaidi ya wiki 2. Alimaliza.

Japani nako kuna HAL, suti inayosoma umeme wa misuli kwa ngozi: mgonjwa akijaribu kuinua mguu, hata kama mguu hausongi, ile signali dhaifu inashikwa na mota inamalizia. Kampuni inaitwa Cyberdyne. Kama umewahi kuona Terminator, unajua kwa nini hilo jina linafanya watu wacheke kwa wasiwasi. Na 12 Juni 2014, siku Kombe la Dunia lilifunguliwa São Paulo, kijana aliyepooza aligusa mpira kwa mguu akiwa ndani ya eksoskeletoni iliyoongozwa na mawimbi ya ubongo, kazi ya timu ya Miguel Nicolelis. Runingani ilionekana sekunde chache tu.

Kitu muvi hazikuambii

Usitoke hapa ukidhani Iron Man anauzwa kesho. Mahali msumari unatokea kwa ngozi ni mlango wa viini, na maambukizi ni vita vya kila siku. Ukiwa na sumaku ndani ya msuli, mashine ya MRI inakuwa swali zito, juu hiyo mashine nayo ni sumaku kubwa. Mota inakula betri, na betri ina uzito. Mgonjwa anafunzwa kwa wiki na miezi. Na angalia tena hizo namba: 2, 3, 7. Hivi ndivyo vikundi vidogo vya majaribio, si soko.

Halafu kuna doo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja cha kuwasaidia, kuanzia miwani hadi mguu bandia, na karibu bilioni 1 hawapati. Kwa nchi maskini kuna mahali ni asilimia 3 pekee wanapata. Hiyo si stori ya roboti. Hiyo ni stori ya kiti cha magurudumu.

Sasa hii inakuhusu nini wewe wa mtaa?

Kwanza, Kenya miguu inapotea. Nduthi na kisukari, hizo mbili unazijua, na pengine una jina la mtu kichwani sasa hivi. Kofia haisaidii mguu, lakini mwendo wa pole husaidia. Na kidonda cha mguu cha mzazi mwenye kisukari kisingoje "kitapoa." Kipelekwe hosi kingali kidogo.

Pili, mafundi wa hii kazi wako karibu. KMTC inafunza wataalamu wa viungo bandia, na Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kimekuwa kikifunza vijana kutoka Afrika nzima tangu 1981. Pale Kikuyu, David Gathu na Moses Kiuna walionyesha mkono wa roboti waliounda kwa takataka za elektroniki. Ukiwa na mikono mizuri na kompyuta mbovu, hii ni taaluma ambayo haijajaa watu.

Tatu, na hii ndio ya nyumbani. Daktari akisema mguu wa ndugu yako lazima ukatwe, na kuna wakati wa kuongea kabla ya upasuaji, uliza. Mfupa utaachwa urefu gani, juu soketi inahitaji nafasi ya kushika? Misuli itashonwa aje, itafungwa pamoja ama itaachwa? Neva zitafanyiwa nini ndio zisilete maumivu baadaye? Mazoezi yataanza lini? Pengine jibu litakuwa kwamba hapa tunafanya ile ya kawaida, na hiyo ni sawa, maisha kwanza. Lakini kigutu kilichoshonwa kwa akili kinavaa vizuri hata mguu wa plastiki wa bei ya chini, leo, bila roboti yoyote. Na sensa zikifika huku siku moja, zitakuta msuli uko tayari kuongea.

Baada ya hapo, jisajilisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, wana mpango wa vifaa. Na mtu wako akikuambia anaskia uchungu kwa mguu ambao hauko, usimcheke na usimpeleke kuombewa kisha ukaachia hapo. Mwambie hiyo kitu ina jina na madaktari wanaijua. Mrudishe kliniki.

Kama uko kwa grupu ya WhatsApp ya stage ama ya familia, itume huko. Kuna msee ataisoma leo na ataihitaji kesho asubuhi kwa korido ya hosi, akiwa ameshika fomu ya kusaini na hajui aulize nini.